Simu, Rununu na Kubipu

Wapo wanaotutaka tuseme "rununu" badala ya "simu ya mkononi". Sioni haja. "Simu" yenyewe yatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Leo mkulima wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, huzungumza na nduguye aliyeko Dar es Salaam pasipo waya mkononi, wala jina halimtatizi.

Neno ambalo ningelitetea ni "kubipu". Hudharauliwa kwa asili yake ya Kiingereza, ingawa limekwisha kuzaa "kubipiana", na lina adabu yake: mlio mmoja, kisha kimya, yaani "nipigie wewe, sina salio". Mdogo humbipu mkubwa. Mkubwa kumbipu mdogo ni aibu.