Pongezi kwa Manahodha wa Pine Island

Kimbunga Ian kilitua Cayo Costa, kusini magharibi mwa Florida, tarehe 28 Septemba 2022. Kilikuwa cha daraja la 4, na upepo wake ulivuma kwa kasi ya kilomita 240 hivi kwa saa. Bahari ilipanda nchi kavu, ikabeba mashua, ikavunja magati na kukata barabara za kuendea visiwa vya Sanibel na Pine Island.

Nahodha anayewachukua wageni kwenda kuvua hana mshahara wa mwezi. Siku isiyo na mgeni haina riziki, na mkopo wa injini haungoji bahari itulie. Msimu ulikuwa umeharibika, na wengine walikuwa wamepoteza hata nyumba. Hata hivyo, wenye mashua zilizosalimika walizitia majini. Pale walipozoea kukaa wageni na mishipi yao, walipakia maji ya kunywa, chakula na mafuta, kisha wakarudi na watu waliokwama visiwani. Barabara ya muda ya Pine Island ilikamilika tarehe 5 Oktoba. Kabla ya hapo, njia ilikuwa maji.

Kazi hiyo ilitaka ujuzi. Kujua mikondo, kupwa na kujaa kwa maji na mafungu ya mchanga ndiko humfikisha mgeni penye samaki. Safari hii kulifikisha msaada penye watu.

Hongereni, manahodha. Na anayewapenda kwa dhati awakodi tena, maana kazi ndiyo msaada wanaoustahili.