Gitaa la Pili katika Benga ya Ukambani

Wasikilizaji wa muziki wa Machakos na Ukambani kwa jumla wamegawanyika kwa muda mrefu juu ya swali moja, nalo ni iwapo benga yao, yaani muziki wa magitaa ya umeme uliokomaa katika miaka ya 1970 na ambao huimbwa zaidi kwa Kikamba, ni sanaa ya wenyewe au ni mkusanyiko wa mambo yaliyookotwa ugenini. Wanaoitilia shaka hutaja asili ya kila kitu kilichomo. Gitaa lilitoka Ulaya. Mtindo wa kulipiga kwa kidole gumba na cha shahada ulienezwa Nairobi na mafundi wa Katanga kama vile Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo mwishoni mwa miaka ya 1950. Benga yenyewe ilizaliwa kwa Waluo, ambao mapigo ya nyatiti, kinubi chao cha nyuzi nane, waliyahamishia kwenye gitaa. Na kavacha, yaani mdundo wa ngoma unaokimbia mfululizo, ulivuma kutoka Kinshasa kupitia bendi ya Zaiko Langa Langa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hayo yote ni kweli, na hakuna haja ya kuyakana. Hata hivyo, ukweli huo haugusi jambo linalostahili kusifiwa zaidi katika muziki huu, yaani kazi ya mtu ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa kwenye santuri: mpigaji wa gitaa la pili.

Bendi ya kawaida ya benga ya Ukambani huwa na magitaa matatu na ngoma. Gitaa la kwanza, ambalo wanamuziki huliita solo, humjibu mwimbaji na kutawala uwanja anaponyamaza. Besi hushika sauti za chini. Na rithimu, ambalo ndilo gitaa la pili, hukaa katikati. Katika bendi nyingi za dansi rithimu hupiga kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ili kumwekea mwimbaji ukuta wa kuegemea. Fundi wa Ukambani huzivunja kodi hizo akazitoa noti moja moja, kwa kasi, juu kwenye nyuzi nyembamba, akazipanga katika mzunguko mfupi unaorudi ulikoanzia kabla sikio halijatambua kwamba umeondoka. Mara nyingi mzunguko huo huandamana na besi, besi ikipanda nao ukipanda, besi ikisita nao ukijaza pale iliposita, hata msikilizaji asiweze kusema kwa hakika ni chombo gani kinachomwongoza mwenzake. Mkono wa kulia wa mpigaji haupati nafasi ya kupumzika kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, wala hana pambo la kuficha kosa, kwa kuwa noti moja ikichelewa wachezaji huihisi miguuni kabla ya kuisikia. Ni kazi ya unyenyekevu mkubwa, na haielekei kwamba wapenzi wa solo wamewahi kuitendea haki.

Ugomvi wa wasikilizaji unaonekana wazi zaidi juu ya Peter Mwambi na bendi yake ya Kyanganga Boys. Kwa sikio la mtu asiyejua Kikamba, nyimbo zake hufanana mno: ngoma kubwa inadunda kila pigo kama ilivyokuwa katika muziki wa disko, magitaa yanazunguka palepale, na dakika zinapita bila badiliko linaloonekana. Kwa wapenzi wake Ukambani, lawama hiyo ni ushahidi tu kwamba msikilizaji alikuwa akingoja badiliko mahali pasipo pake. Kiitikio hakibadiliki sana, ni kweli; lakini mwimbaji anasimulia kisa, na kila kisa kinapogeuka, gitaa la pili huongeza noti au huipunguza, au husogeza mzunguko nusu pigo mbele, kisha hurudi. Wapenzi hao ndio wenye haki katika jambo hili. Muziki unaojirudia unahitaji msikilizaji mwenye subira ya kusikia kilicho kidogo, na ngoma ya kilumi, ambayo wanawake wa Kikamba wameicheza kwa vizazi vingi kwa mdundo wa ngoma ndefu iitwayo mwase, ilikwisha kuwafundisha watu subira hiyo kabla gitaa la umeme halijafika.

Kakai Kilonzo alilaumiwa kwa sababu iliyo kinyume. Alizaliwa mwaka wa 1954, akaanzisha Kilimambogo Brothers, bendi iliyochukua jina la mlima ulio mpakani mwa Machakos upande wa Thika, na mpaka alipofariki mwaka wa 1987 alikuwa ameimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili zilizopendwa Kenya nzima na nje yake. Wapo wanaoona kwamba kwa kufanya hivyo aliulainisha muziki ili umpendeze kila mtu, na kwamba jina la Les Kilimambogo, lililovikwa kilemba cha Kifaransa kwa kuwaiga Wakongo, linathibitisha hivyo. Anayesikiliza magitaa yake kwa makini, hata hivyo, hukuta mzunguko uleule wa gitaa la pili ukiendelea chini ya maneno ya Kiswahili bila kulegezwa hata kidogo. Mabishano mengine yaliwahusu Kalambya Sisters, waimbaji wa kike waliosindikizwa na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki, ambao wimbo wao wa “Katelina” ulivuma katika miaka ya 1980: wengine walizifurahia sauti zao nyembamba za juu, wengine walichoshwa nazo mapema. Huenda pande zote mbili hazikuona jinsi sauti hizo zilivyokaa kwenye kimo kilekile cha gitaa la pili, hata zikawa kama uzi wake mwingine.

Mabishano ya namna hii yako kwingi duniani. Huko Japani bendi ya Happy End ilitoa albamu ya “Kazemachi Roman” mwaka wa 1971, wakati wanamuziki na wahakiki wa nchi hiyo walipokuwa wakigombana iwapo roki, muziki wa magitaa uliotoka Marekani, unaweza kuimbwa kwa Kijapani bila kuharibika; wengine walisikia nakala ya Wamarekani, wengine wakasikia mitaa ya Tokyo. Machakos ina mfano wa karibu zaidi. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji wa vinyago kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani, na leo hakuna mnunuzi anayeuliza kinyago cha Wamunyu kilitoka kabila gani, kwa kuwa mkono uliokichonga unajulikana kwa jinsi unavyokata mti. Gitaa la pili la Ukambani lina mkono wa namna hiyo.

Bendi nyingi za sasa, ambazo nyimbo zao hutangazwa na redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM, zimekipa kinanda cha umeme sehemu ya kazi ya gitaa hilo, na wasikilizaji wamegawanyika tena: wazee hulalamika kwamba mzunguko umekuwa mkavu, vijana hujibu kwamba ngoma sasa ina nguvu. Malalamiko ya wazee yana msingi kuhusu bendi zinazoiachia mashine irudie mzunguko bila kuugusa, kwa sababu zimeondoa nusu pigo lile lililosogezwa kwa makusudi. Hayana msingi kuhusu mpigaji kinanda anayekaa ubavuni mwa besi, akaisikiliza, na kubadilisha mzunguko kisa kinapogeuka, kwani huyo amerithi kazi ya gitaa la pili yote kamili, na inafaa jina lake liandikwe pamoja na la mwimbaji.