Bega la Joka

Wapenzi wa visa vya majoka wana ugomvi wao wa siku nyingi, nao ni wa kuhesabu miguu. Upande mmoja unashikilia kwamba joka halisi lina miguu minne na mbawa mbili juu yake, na kwamba kiumbe mwenye mbawa na miguu miwili ni jamii nyingine, pungufu kwa hadhi. Kanuni hiyo ilikomazwa Uingereza na mafundi wa nembo za koo, ambao kuanzia karne ya 16 waliwatenganisha viumbe hao wawili ili ngao ya huyu isifanane na ya yule. Ndiyo maana joka jekundu la bendera ya Wales lina miguu minne. Kabla ya hapo wachoraji wa Ulaya hawakujisumbua. Paolo Uccello alipochora pambano la Mtakatifu Joji, miaka ya 1470 hivi, katika picha iliyopo sasa National Gallery mjini London, joka lake alilipa miguu miwili tu na mbawa zenye miduara ya rangi, na ni joka kamili. Na joka jekundu la Ufunuo, ambalo wengi wetu tulilisikia kwanza kanisani, lina vichwa saba, pembe kumi na mkia unaozoa theluthi ya nyota za mbinguni. Miguu yake haikutajwa.

Kipimo changu mimi ni bega. Joka la kwenye ngao limesimama pale miaka mia tano na halihitaji kupiga hatua. Joka la filamu ni lazima liamke, lijivute, ligeuke ndani ya pango, litoke mlangoni, lipae, na katika kila tendo mtazamaji anauliza, hata bila kujua kwamba anauliza: uzito ule umebebwa na nini? Bawa limeshikwa na mfupa gani? Fundi asipokuwa na jibu, moto na magamba na ngurumo haviwezi kumwokoa.

Jibu la karibu zaidi ambalo maumbile yametupa ni popo. Kule Pemba yuko popo mkubwa anayekula matunda, ambaye mbawa zake zikitandazwa hupita mita moja na nusu. Mtazame anapotambaa mtini. Bawa lake ni mkono: kidole gumba chenye ukucha kimebaki nje kwa kushikia tawi, na vidole vinne vilivyorefuka vinabeba utando, ambao hukunjwa kama mwavuli asipouhitaji. Mkono mmoja unafanya kazi mbili, kuruka na kushika. Kiumbe wa namna hiyo ana viungo vinne, kama ndege, kama mjusi, kama sisi. Joka la bendera ya Wales lina sita, na anayetaka kuliendesha inampasa kupanga jozi mbili za mabega juu ya kifua kimoja, na misuli ya kila jozi inagombania mfupa uleule. Inawezekana, na nitaitaja kazi iliyofaulu, ila ni deni ambalo fundi lazima alilipe kwa kifua kirefu na mgongo mpana.

Mafundi waliolifikiria jambo hili mpaka mwisho ni wale waliotengeneza Vermithrax Pejorative, joka la filamu Dragonslayer ya mwaka 1981. Matthew Robbins aliiongoza, Hal Barwood aliitayarisha, na hadithi waliiandika wote wawili. Paramount na Disney waligawana gharama. Kazi ya joka ilipelekwa Industrial Light & Magic, karakana ya George Lucas, iliyokuwa haijawahi kufanyia kazi filamu isiyotoka kwenye kampuni ya Lucas mwenyewe. Mchoraji David Bunnett alipewa jukumu la umbo, na mapema kabisa ikaamuliwa kwamba mnyama huyu ataonekana sana angani. Uamuzi huo ndio uliomaliza hesabu ya miguu: miwili nyuma, na mbele mbawa zinazofanya kazi ya mikono.

Baada ya hapo kazi iligawanywa kwa namna ambayo bado inanistaajabisha, kwa sababu hakuna aliyetengeneza joka zima. Ken Ralston alichukua anga. Aliunda sanamu yenye mifupa ya alumini inayopinda kila upande, kisha akapiga filamu za ndege wanaoruka ili ajue bawa linaanzia wapi kushuka na mwili unafanya nini linaposhuka. Chris Walas alifinyanga kichwa cha picha za karibu na kukiendesha kwa waya, nyenzo, vibofu vya hewa, mitambo ya redio, na pengine kwa mkono wake mwenyewe, hata uso wa mnyama ukaweza kushuku na kukasirika. Vipande vya ukubwa halisi, yaani shingo, mkia, kucha za kumkamata mtu na kipande cha bawa, viliundwa California na kusafirishwa kwa ndege hadi studio za Pinewood, Uingereza. Moto ulitoka kwenye mitambo halisi ya kurusha moto, ile iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia. Sauti ilichanganywa kutoka kwa simba, chui, tembo, ngamia, mamba na hata nguruwe.

Kutembea aliachiwa Phil Tippett, na hapo ndipo penye roho ya kazi yote.

Filamu ya kawaida hupita picha 24 kwa sekunde. Ufundi wa zamani wa kuhuisha sanamu ulikuwa ni kuisogeza kidogo, kuondoa mkono, kupiga picha moja, kuisogeza tena, na kuendelea hivyo siku nzima kwa ajili ya sekunde chache. Bingwa wa ufundi huo alikuwa Ray Harryhausen. Katika The 7th Voyage of Sinbad ya mwaka 1958, ambamo Sindbad wetu wa Alfu Lela Ulela anapambana na mchawi, Harryhausen aliweka joka la miguu minne lisilo na mbawa, limefungwa mnyororo mlangoni mwa pango, na akalisogeza mwenyewe, picha kwa picha. Joka lile lina haiba na hasira ya kweli. Lakini lina mtikisiko kidogo, na mtikisiko huo si uzembe wa Harryhausen. Mtu hai anapopita mbele ya kamera, kilango cha lenzi hubaki wazi sehemu ndogo ya sekunde, na katika muda huo mkono wake umeshasogea, kwa hiyo kwenye picha unatoka na ukungu. Jicho letu limezoea ukungu huo na ndio linalousoma kama mwendo. Sanamu ya Harryhausen ilikuwa imetulia tuli kila kilango kilipofunguka, kwa hiyo kila picha ilikuwa safi mno.

Tippett na wenzake walitaka kuurudisha ukungu. Walikwisha kujaribu kwa wanyama wa kupanda katika The Empire Strikes Back mwaka 1980. Kwa Vermithrax walikwenda mbali zaidi: fito za chuma ziliunganishwa na mwili wa sanamu, kila fito na mota zake, na kompyuta ikakumbuka mwendo wa kila kiungo. Kilango kilipofunguka, mnyama alikuwa anasogea kweli. Halafu Tippett angeweza kuutazama mwendo wote, kurekebisha goti lililochelewa au shingo iliyowahi, na kuurudia. Mhuishaji wa zamani hakuwa na nafasi hiyo. Akikosea mwisho wa siku, siku imekwenda.

Sasa tazama alichofanya na nafasi hiyo. Vermithrax anajitokeza mzima baada ya sehemu kubwa ya filamu kupita. Hadi hapo tumeonyeshwa mkia, ukucha, pumzi, kivuli. Anapotambaa ndani ya pango lake, anatembelea vifundo vya mbawa, na viwiko vimesimama juu, nyuma ya kichwa, vikipishana. Kila hatua huanzia begani. Bega linapanda, linatua, ngozi inafuata, kisha ndipo uzito unahamia upande wa pili. Hakuna hatua ya bure. Unaona kwamba ardhini si mahali pake, kwamba mwili huu uliumbiwa upepo na hapa unajikokota.

Na ni mzee. Hadithi yenyewe inasema hivyo: mchawi Ulrich anaeleza kwamba joka likifikia umri huo linaishi na maumivu yasiyokoma, na maumivu yanaligeuza kuwa katili. Maneno ya namna hiyo ni rahisi kuyaandika. Tippett ilimpasa kuyaweka kwenye viungo, naye aliyaweka: ile kusita kabla ya kugeuka, shingo inayotangulia huku kiwiliwili kikibaki nyuma. Humo humo pangoni kijana Galen, mwanafunzi wa Ulrich, amewaua watoto wa joka. Vermithrax anawakuta. Anawasogelea, anawagusa kwa pua, anasubiri watikisike. Kisha anaelewa. Hakuna machozi wala muziki wa kubembeleza; ni mwendo wa shingo peke yake, na kwa muda mfupi mnyama aliyekula wasichana wa ufalme mzima anakuwa mama. Sijaona katika filamu yoyote joka lililoaminiwa kiasi hicho na waliolitengeneza.

Waandishi nao walistahili kusifiwa kwa jambo moja dogo. Valerian, binti wa mhunzi, anaokota magamba yaliyodondoka karibu na pango na kuyashona kuwa ngao isiyoungua. Joka linalopukutisha magamba ni joka lenye ngozi inayozeeka na kukua upya. Ni la jamii ya wanyama kabla ya kuwa la jamii ya mashetani.

Filamu iliteuliwa kwa tuzo ya Oscar ya mbinu za picha, ikashindwa na Raiders of the Lost Ark, ambayo ilipita katika karakana ileile. Miaka kumi na zaidi baadaye Tippett alikuwa akijiandaa kuhuisha dinosaria wa Jurassic Park kwa njia hiyohiyo ya fito na mota, pale majaribio ya kompyuta yalipoonyesha kwamba sanamu hazitahitajika. Mwongozaji Steven Spielberg hakumwachia aondoke. Karakana ya Tippett ikaunda mifupa ya chuma yenye vipimo kwenye kila kiungo, ili watu waliojua mnyama kwa vidole vyao waweze kuuingiza ujuzi huo kwenye kompyuta. Mwaka 1994 alipokea Oscar kwa kazi hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kompyuta ilileta uhai. Uhai ulikuwa tayari mikononi mwa watu, ukavushwa.

Kutoka hapo ndipo alipozaliwa Draco wa Dragonheart, mwaka 1996, aliyebuniwa na Tippett na kuhuishwa kwa kompyuta za Industrial Light & Magic, kwa sauti ya Sean Connery. Huyu ana miguu minne na mbawa, viungo sita, na ndiye niliyeahidi kumtaja. Kifua chake ni kirefu na kipana, na mbawa zimewekwa juu na nyuma ya mabega ya mbele, kwa hiyo jicho halioni ugomvi. Hadithi yenyewe naiona nyepesi. Mnyama ameizidi.

Smaug, joka la filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2013, ana miguu miwili, ingawa J.R.R. Tolkien, mtunzi wa hadithi yake, mwenyewe alimchora na minne. Mafundi wa Weta Digital kule Wellington walipata faida wazi: mbawa zikiwa mikono, Smaug anaweza kushika nguzo, kujizungusha, kumimina uzito wake wote juu ya mlima wa sarafu, na Benedict Cumberbatch, aliyetambaa sakafuni akiigiza ili mwendo wa mwili na uso wake urekodiwe, alikuwa na mikono ya kutoa. Anapomtafuta Bilbo, shujaa mdogo wa hadithi, gizani, shingo ikipenya katikati ya nguzo, kazi ni ya kiwango cha juu kabisa. Inapofika mbio ndefu za mwisho, na kuyeyusha dhahabu, uzito unapotea na joka linakuwa tamasha.

Mashariki ya mbali swali la bega halipo, maana joka la huko halina mbawa. Linaogelea hewani. Hayao Miyazaki alipotengeneza Spirited Away, iliyotoka mwaka 2001, alimpa joka Haku mwili mrefu mweupe, na shida ikawa wahuishaji vijana wa Studio Ghibli hawakuwa na mnyama wa kumkumbuka. Miyazaki akawapa wanyama vipande vipande. Haku anapogaagaa, awe mkunga anayeandaliwa jikoni. Anapong'ang'ania ukutani na kuanguka, awe mjusi. Mtoto Chihiro anapompanua taya kwa nguvu na kumsukumia dawa kooni, awe mbwa anayekataa kidonge. Wahuishaji hawakuwahi kufuga mbwa, hivyo wakaenda kwa daktari wa mifugo na kamera, wakarekodi kinywa cha mbwa kikifunguliwa: ufizi unavyovutwa, ulimi unavyorudi nyuma, meno ya ndani yanavyobana. Ukilitazama tukio lile polepole utaona mkono mzima wa mtoto ukipotea ndani ya kinywa, na taya likipigana naye kwa misuli ya nyuma, pale hasa ambapo mbwa hubana.