Mchonga Bao na Wabishi Wake

Watu wa Ifakara wanamjua kwa mitumbwi. Mvuvi akitaka chombo cha kumvusha wakati maji ya Kilombero yametapakaa mbugani, humfuata yeye, na kwa kazi hiyo amelea watoto. Mimi nilimfuata kwa sababu ya vipande vinavyobaki. Gogo la mvule likishatoa mtumbwi huacha pande la nchani, nene na fupi, ambalo fundi mwingine angelichanja kuni. Yeye hulilaza kivulini nyuma ya nyumba, masika yapite, kiangazi kipite, mpaka akiligonga kwa kifundo cha kidole limjibu anavyotaka. Hapo ndipo huchukua tezo, na pande lile huanza kuwa bao.

Wachongaji wengi huanza kwa kupiga mistari na kugawa mashimo 32 sawasawa, kisha wakachimba moja baada ya jingine. Nilipoketi uani kwake kiangazi kilichopita, yeye alianza na mashimo mawili tu, ya katikati, akayatia pembe nne kamili kwa patasi bapa. Hizo ndizo nyumba. Ubao wote uliobaki ulikuwa bado mtupu, haujaguswa, na nyumba mbili zimekwisha kuwekwa.

Kila anayecheza bao la Kiswahili anajua kuwa nyumba yake ni shimo la tano kutoka kushotoni, safu ya mbele. Wasilolitafakari wengi ni kwamba, kwa kuwa wachezaji wameketi wakitazamana, nyumba zao haziwezi kukutana uso kwa uso. Zimekaa mshazari, kila moja imeegemea kuliani kwa mwenyewe, kama majirani wawili waliokataa kufunguliana milango. Fundi alichimba ya kwanza, akauzungusha ubao mzima, akajiweka mahali pa mpinzani, akahesabu upya mpaka tano, ndipo akachimba ya pili. Angeweza kupima kwa kamba bila kuhangaika na uzito ule. Nilimuuliza. Akasema asiyekaa pande zote mbili hachongi bao, anachonga pambo.

Baada ya hapo yalikuja mashimo ya mviringo, na hapo ndipo nilipoona subira ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Shimo lenye kuta zilizosimama hubakiza kete chini. Mchezaji akikomba kwa vidole, moja ikakwama, hesabu ya mchezo mzima inaharibika na urafiki nao unaharibika. Shimo lenye kina kifupi nalo, kete zikizidi, humwagia jirani. Kwa hiyo alichonga shimo moja, akalijaza kete za komwe, akalikomba kwa vidole vitatu huku akinitazama mimi usoni, akapapasa ndani. Imebaki moja. Patasi ikarudi. Akajaza tena, akakomba tena. Alifanya hivyo kwa kila shimo, mashimo yote, kisha akasugua kwa majani makavu ya msasa, kwa sababu karatasi ya dukani, kwa maneno yake, hula mti haraka kuliko mkono unavyoweza kusikia.

Ustadi huu hakuurithi kwa baba yake, aliyekuwa mvuvi, wala kwa fundi yeyote. Aliupata kwa wabishi.

Waliokua Ifakara kabla ya mto Kilombero kujengewa daraja wanakumbuka pantoni. Aliyetoka Lupiro au Mahenge kuja mjini, aliyepeleka mgonjwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, dereva wa lori la mpunga, mama mwenye tenga la kambale wakavu, wote walifika ukingoni wakasubiri. Mto ukiwa umejaa walisubiri sana. Na mahali Watanzania wanaposubiri pamoja kwa muda mrefu, penye kivuli, bao halikosekani. Pale palikuwa na ubao mmoja uliokuwa mweusi kwa mafuta ya viganja, na kuuzunguka palikuwa na watu ambao, nikikumbuka vizuri, hawakutaka kucheza kabisa. Walikuja kubishana.

Ubishi wao ulikuwa na matawi. La kwanza lilihusu tabia za wachezaji. Mchezaji hakutajwa kwa jina wala kwa kabila. Mndamba, Mpogoro, Mbunga, Mngoni aliyekuja na reli, wote walipimwa kwa jinsi wanavyoitendea nyumba yao. Kete sita nyumbani, mbili na mbili kuliani kwake, 22 mkononi: mwanzo ni huo huo kwa bingwa na kwa mwanafunzi, na bado hakuna baraza lililowahi kukubaliana nyumba isafiri lini. Kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa hana subira, kete ya mwisho ikiangukia nyumbani hakubali kulala, anaizoa nyumba yote na kuimwaga. Nusu ya watu walimpenda kwa hilo tu. "Huyo ana moyo," walisema. Nusu ya pili walimwita mfujaji. Kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekalia nyumba mpaka inafura kete, na akishambuliwa humo watu walipiga makofi kana kwamba tajiri mchoyo amefilisika. Mtu angeweza kumpenda mchezaji au kumchukia bila kujua anaishi wapi.

La pili lilihusu ugumu. Kijana akijisifu kuwa anajua bao, aliulizwa: lipi? Kwa maana lipo bao la kujifunza, ambalo kila shimo linaanza na kete mbili, 64 zote zimeshuka, hakuna cha kunamua. Wenye msimamo mkali walikataa hata kuliita bao. Wapole walilitetea, wakisema mtoto lazima aanzie mahali. Mimi nilikuwa upande wa wakali na bado nipo. Zamu za mwanzo za kunamua, kila moja ikiingiza kete moja tu kutoka mkononi, ndiyo roho ya mchezo. Ndizo zinazomlazimisha mtu aamue hali bado ana akiba, na anayefungwa mkononi, kabla hata hajafika mtaji, hatua ya pili ya mchezo, hufungwa kwa aibu ya pekee ambayo hafundishwi na mchezo mwingine wowote. Ukimwondolea mtoto hilo ukamwambia amecheza, umemdanganya.

La tatu, ambalo ndilo lililomlea fundi wangu, lilihusu ubao wenyewe. Wavuvi walitaka bao jepesi linalobebeka mtumbwini. Wazee walitaka zito, lisilosogea mtu akipiga kete kwa hasira. Wapo waliotaka ghala kubwa la kete ncha zote mbili, na waliosema ghala linakaribisha wezi, kete zishikwe mkononi zionekane. Wapo waliobishana kama pembe nne za nyumba ziishie ukingoni au zishuke mpaka chini. Zishuke mpaka chini, walisema wajuzi, ili kidole kijue kimeingia nyumbani hata jicho likiwa kwingine. Fundi, wakati huo kijana anayechonga makasia, alikuwa akisikiliza. Bao lake la kwanza walilirudisha. La pili walilicheka. Ndipo akaja na lile lililopunguzwa tumbo kwa chini na kuachiwa miguu minne mifupi: jepesi kulibeba, na likitua limetua. Ukiligeuza bao lake leo utaona majibu ya hoja ambazo wenyewe wengi wamekwisha kufa.

Nimekaa nikijiuliza kwa nini fundi mwenye mkono mzuri kama ule hapatikani tena miongoni mwa vijana, na jibu ninaloridhika nalo ni hili: mikono ipo, wabishi ndio hawapo. Kazi ya mkono hainolewi na sifa. Inanolewa na mtu anayejua, aliyekerwa, aliye na muda wa kueleza kwa nini amekerwa.

Mpwa wangu, mzaliwa wa hapa hapa anayefanya kazi Dar es Salaam, amenionyesha kuwa ubishi wa namna ile haujafa, umehama. Yeye na wenzake wanacheza Final Fantasy, mfululizo wa michezo ya kompyuta kutoka Japani ulioanza 1987, ambao mchezaji huvaa uhusika wa mashujaa na kusafiri nao kupitia hadithi ndefu. Walikuja likizo, wakaketi barazani kwangu usiku, na walibishana mpaka jogoo. Shujaa yupi ana moyo, yupi ni msaliti aliyependwa bure. Toleo la sita au la saba. Na ugumu: katika lile la kumi na sita, la mwaka 2023, mchezaji anaweza kumvika shujaa pete inayomsaidia kukwepa pigo yenyewe, bila yeye kuwahi. Mmoja alisema pete ile imeua mchezo. Mwingine akajibu kwamba mwenye vidole vizito naye ana haki ya kuufikia mwisho wa hadithi. Niliwasikiliza kwa furaha kubwa, maana hoja hizo nilizijua zote, moja moja. Lilikuwa bao la kujifunza na bao la Kiswahili.

Kilichoniuma ni kingine. Vijana wale walitaja waliotengeneza mchezo wao kama mtu anavyotaja wajomba. Hironobu Sakaguchi aliyeuanzisha. Yoshitaka Amano na michoro yake. Nobuo Uematsu na muziki. Wanajua nani alifanya nini, katika toleo gani, na wanamlaumu kwa jina lake. Nikawauliza ni nani aliyelichonga lile bao lililokuwa chini ya kiti nilichokalia. Hakuna aliyejua. Walizaliwa mtaa wa pili kutoka kwake.

Siwalaumu wao peke yao. Tumezoea kulisifia bao kama mali ya mababu, na sifa ya namna hiyo ni njia nzuri ya kutomtazama aliye hai. Tunakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alilipenda, na picha zake ameliinamia kule Butiama zinatupendeza. Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Unguja kukaa na mabingwa, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima kuhusu upeo wa akili zao. Nashukuru kwamba alikwenda. Lakini ubao ambao akili hizo zilikuwa zikiinamia, nani alikaa miguuni pa aliyeuchonga? Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kutengeneza kochi na fremu za milango. Bonde hili limezungukwa na mashamba ya misaji iliyopandwa kwa mistari, mbao zake zinakwenda nchi za mbali, na mvule wa kuchonga bao unatafutwa kwa tochi.

Pantoni lilizama Januari 2016, kwa dhoruba, na watu walipoteza ndugu. Daraja la mita 384 lililozinduliwa 2018 ni neema, na sitamsikiliza mtu anayetamani maji yale yarudi kuwa mlango wa kifo. Lakini hakuna aliyesema, siku ya kukata utepe, kuwa kivuli kile cha kusubiria kilikuwa pia shule, na kwamba shule ikifungwa huwa inatafutiwa jengo jingine. Mabasi sasa yanapita bila kusimama. Abiria ameinamisha kichwa kwenye simu, na ndani ya simu hiyo lipo bao pia, linalohesabu kete kwa niaba yake, lisilokosea na lisilobishiwa.

Fundi bado anapata oda za bao, na si chache. Zinatoka kwa wauza vinyago, kwa ajili ya mahoteli. Wanataka mbao nyembamba, zenye tembo aliyechongwa ubavuni na vanishi inayong'aa. Mwaka huu mnunuzi mmoja alizirudisha alizopelekewa, akaeleza kwa upole kwamba mashimo mawili ya katikati yametoka na pembe nne na wateja wataona ni kosa. Ayafanye mviringo kama mengine. Fundi alinisimulia hayo akiwa ameshika patasi, bila hasira, na aliyafanya mviringo, kwa sababu ada za shule za wajukuu hazisubiri ubishi. Mbao hizo sasa zimetundikwa ukutani mahali fulani, kete zimegandishwa kwa gundi ndani ya mashimo ili zisipotee.

Pale pantoni bao kama lile lisingemaliza asubuhi. Wa kwanza kuketi angeuliza nyumba iko wapi, wa pili angeapa kwamba aliyelichonga alikuwa amelewa, wa tatu angemtetea kwa ajili tu ya kutetea, na kabla chombo hakijagusa ukingo mtoto angekuwa ametumwa, mbio, kulirudisha kwa mwenyewe.