Sikio la Mnunuzi

Johann Sebastian Bach alipokuwa mkuu wa muziki katika jumba la mtawala Leopold wa Köthen, Ujerumani, karibu na mwaka 1720, alitunga suiti sita za selo peke yake, bila ala nyingine ya kuisindikiza. Kila suiti ina utangulizi, na baada yake hufuata vipande vya mitindo ya dansi za zama zile. Nakala aliyoiandika Bach kwa mkono wake imepotea. Zilizobaki ni nakala za watu wengine, na mashuhuri kuliko zote ni ile ya mkewe, Anna Magdalena. Noti zimo humo, lakini mengi ambayo mpigaji angetamani kuambiwa hayamo. Kasi haikuandikwa. Wapi sauti ipande na wapi ishuke, imetajwa kwa nadra mno. Vistari vya kuonyesha noti zipi zipigwe kwa mvuto mmoja wa upinde vimechorwa kwa haraka, hata mara nyingi hujui kistari kimeanzia wapi wala kimeishia wapi.

Kwa hiyo mtu anayeingia dukani, au anayefungua simu yake, akasema anataka suiti za selo za Bach, bado hajasema anachotaka. Pablo Casals amezipiga, na Pierre Fournier, na János Starker, na Anner Bylsma, na Mstislav Rostropovich, na Yo-Yo Ma, na wengine wengi. Noti ni zile zile. Muziki unaotoka si ule ule. Lazima achague, nami nasema kuchagua huko ni ufundi kamili, wenye zana yake, mazoezi yake na heshima yake, ingawa wanaoufanya hawapandi jukwaani wala hawapigiwi makofi.

Aliyekulia pwani ameshalisikia jambo hili kwa njia nyingine. Utenzi mmoja ukighanwa na watu wawili, mmoja atavuta pumzi mwisho wa kila kipande, mwingine atakimbilia kina cha mwisho ndipo atulie. Hakuna herufi iliyobadilika, lakini msikilizaji amepelekwa mahali pengine kabisa. Hata sauti ya selo si ngeni kwetu: vikundi vikubwa vya taarabu vya Unguja vimekuwa nayo kwa miaka mingi, ikivuma chini ya fidla na ganuni. Kigeni ni kuisikia ikiwa peke yake, bila mwimbaji, bila ngoma, kwa zaidi ya saa mbili.

Casals hana budi kutangulia, maana bila yeye pengine tusingekuwa na cha kuchagua. Mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 13, alizikuta suiti hizi katika duka moja la Barcelona. Wakati ule wengi walizichukulia kama mazoezi tu ya mwanafunzi. Yeye alizisoma kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuzipiga mbele ya watu, na alikuwa na umri wa karibu miaka 60 alipokubali kuzirekodi zote, kati ya 1936 na 1939, baadhi London na nyingine Paris, wakati Hispania inateketea kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jenerali Franco aliposhinda vita hivyo, Casals alibaki uhamishoni.

Santuri za siku hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika nne na ushei. Suiti ya sita peke yake huchukua karibu nusu saa. Msikilizaji alikuwa akinyanyuka kila mara kugeuza santuri au kubadilisha, na Casals naye alipiga akijua kwamba mwisho wa upande uko karibu. Ukimsikiliza leo utasikia mchakacho wa santuri, kisha utausahau, kwa sababu mtu huyu haogopi kukwaruza. Pale muziki unapodai nguvu anausukuma upinde mpaka uzi unalalamika.

Hapo hapo mnunuzi anakutana na mtihani ambao mgeni haujui. Rekodi hiyo moja ya Casals imehamishwa kutoka santuri kwenda sidii na mafundi mbalimbali, na kila fundi aliamua kivyake achuje kiasi gani cha mchakacho. Ukiuchuja wote, unaondoka na kitu kingine: ule ukali mdogo wa upinde unaposhika uzi, ambao ndio unaoliambia sikio kwamba hii ni selo halisi ndani ya chumba halisi. Nimezipenda zaidi sauti zilizohamishwa na Ward Marston, Mmarekani asiyeona tangu kuzaliwa, zilizotolewa na kampuni ya Naxos. Selo ya Casals humo ina kifua. Katika nakala zilizosafishwa kupita kiasi, inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Jina juu ya jalada ni lile lile, mwaka ni ule ule, na bado mtu anaweza kununua vibaya.

Basi mtu anachaguaje? Usianze kwa kusikiliza saa mbili za huyu na saa mbili za yule. Sikio halina kumbukumbu ndefu kiasi hicho. Chukua kipande kifupi. Mimi hupenda Utangulizi wa suiti ya kwanza, kwa sababu ni mwepesi kuufuata na ni mgumu kuudanganya. Unaanza kwa mawimbi ya noti zinazopanda na kurudi juu ya msingi mmoja. Kidogo baada ya katikati, mkondo unasimama juu ya noti moja iliyowekewa alama ya kusubiri, kisha unaondoka tena, na karibu na mwisho noti zinapanda ngazi moja moja juu ya sauti isiyotikisika. Sikiliza mambo mawili tu. Pale pa kusubiri, mpigaji anasubiri kwa muda gani, na ukimya ule una maana au ni upungufu wa kitu cha kusema? Na ngazi ile ya mwisho, anaipanda kwa kuongeza nguvu, kwa kuongeza kasi, au kwa subira?

Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti za rekodi zote mbili. Hili watu wengi hawalijui, na limepoteza fedha nyingi: ikiwa rekodi mbili zinalingana kwa ubora, ile iliyo juu kidogo huonekana ndiyo nzuri, ndiyo yenye uhai. Ni udhaifu wa sikio la kila mwanadamu. Ikiwezekana, mwombe mwenzako akupigie bila kukuambia nani ni nani. Jina kubwa lina uzito wake, nao huegemea mizani kabla hujasikia noti ya kwanza.

Fournier alirekodi suiti zote mwishoni mwa 1960 kwa ajili ya kampuni ya Archiv. Alikuwa Mfaransa, na maradhi ya kupooza ya utotoni ndiyo yaliyomwondoa kwenye piano, yenye kanyagio za miguu, akaenda kwenye selo. Upinde wake haugeuki kwa kishindo. Kuvuta na kusukuma husikika kama tendo moja refu. Kwenye noti ya kusubiri hasubiri sana. Ngazi ya mwisho anaipanda kwa adabu, na juu kabisa anafungua sauti bila kupiga kelele. Starker, Mhungaria aliyehamia Marekani mwaka 1948, alirekodi kwa kampuni ya Mercury katika miaka ya 1960, na maikrofoni ziliwekwa karibu, hata unahisi uko kiti cha mbele. Hapambi kitu. Kila noti ina mwanzo ulio wazi na mwisho ulio wazi. Kuna siku namtaka Starker na simtaki mwingine yeyote, hasa katika dansi za kasi. Lakini kumsikiliza kwa saa mbili mfululizo kunachosha, kama nilivyosikia wengi wakikiri.

Bylsma wa 1979 ni habari nyingine. Anapiga selo ya mtindo wa kale yenye nyuzi za utumbo, na noti zote ziko chini kuliko tulivyozoea, kwa sababu wapigaji wa ala za kale huweka noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440. Mholanzi Pieter Wispelwey, katika rekodi yake ya 2012, aliishusha mpaka 392. Bylsma haimbi, anazungumza. Anakata sentensi, anarudia neno, anaacha jambo nusu kisha analimalizia kwa upole. Suiti ya sita, ambayo Bach aliiandikia ala ya nyuzi tano, anaipigia ala ya nyuzi tano, na ghafla kipande ambacho kwa wenye nyuzi nne ni mapambano ya vidole kinakuwa mchezo wa furaha. Asiyeisikia hivyo hajaijua suiti ya sita.

Rostropovich aliingia kanisa la kale la Vézelay, Ufaransa, mwaka 1991, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, kurekodi suiti alizokuwa amezingoja maisha yake yote. Alikuwa mpigaji mkubwa sana, wa wachache wa karne nzima, na ninasikitika kusema kwamba hii si rekodi ya kununua kwanza. Sauti ni nzito, na kila kitu kimefanywa kikubwa, hata pale Bach alipotaka watu wacheze.

Lakini nikibanwa niseme kipimo kimoja tu kinachotosha, nitataja dansi iitwayo Sarabande katika suiti ya tano. Kwa suiti hii mpigaji huulegeza uzi wa juu kutoka A mpaka G, na selo nzima inabadilika rangi, inakuwa ya giza. Sarabande yenyewe haina hata pahala pamoja ambapo noti mbili zinapigwa kwa wakati mmoja. Ni mstari mmoja mwembamba, ukurasa usiojaa, na ndani yake mna upweke ambao sijaukuta kwingine katika muziki. Hapa ustadi wa vidole hausaidii. Anayeongeza mtetemo mwingi wa kidole ili atuhuzunishe anapoteza kila kitu. Anayekwenda polepole mno anauvunja mstari, zinabaki noti tu zilizotawanyika. Fournier anaubeba bila kuusindikiza kwa machozi. Bylsma anauacha uwe mkavu, na kwangu ukavu huo unauma zaidi.

Methali yetu husema mchagua jembe si mkulima. Nimewahi kuambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu: nunua rekodi yoyote, Bach ni Bach, usikilize, basi. Kwa jembe ni kweli, maana shamba halibadiliki kwa sababu ya jembe. Hapa linabadilika. Aliyelinganisha Sarabande hiyo kwa wapigaji watatu ameijua kwa undani kuliko aliyeisikia mara 30 kwa mpigaji mmoja, kwa kuwa sasa anasikia hata yale ambayo yangeweza kuwa tofauti. Kuchagua ndiyo kulima kwenyewe.

Na wanunuzi wateuzi wamefanya makubwa kuliko kujaza makabati yao. Mwaka 1931, dunia ikiwa katika mdororo wa uchumi, Walter Legge wa kampuni ya HMV mjini London alianzisha mpango wa chama: watu walipe kwanza, wakitimia idadi, ndipo nyimbo za Hugo Wolf zirekodiwe. Walilipa. Kwa njia hiyo hiyo Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 za piano za Beethoven kati ya 1932 na 1935, kwa mara ya kwanza katika historia. Pasingekuwa na watu waliojua wanachotaka kiasi cha kukilipia kabla hakijakuwapo, tusingekuwa nazo. Kulikuwa tayari na gazeti la *The Gramophone*, lililoanzishwa mwaka 1923 na mwandishi Compton Mackenzie, kuwasaidia wasikilizaji wa namna hiyo. Wahakiki nawasoma mpaka leo, na hunionyesha pa kuanzia. Hawawezi kunisikilizia.

Siku hizi karibu rekodi zote hizi zimo ndani ya simu, na wapo wanaosema ununuzi umekwisha. Sikubaliani nao. Msanii hupata senti kidogo sana pale anaposikilizwa mtandaoni, na aliye hai anastahili zaidi ya hizo. Tena mitandao hiyo ilipangwa kwa mwimbaji na jina la wimbo; mtunzi, mpigaji, mwaka na mahali huchanganyika ovyo. Tumia simu kulinganisha, maana babu zetu wa gramafoni hawakuwa na neema hiyo. Ukishaamua, nunua.

Mwenye fedha ya seti moja tu namshauri Fournier wa 1960: hatachoka naye, na atamfundisha suiti zenyewe kabla ya kumfundisha Fournier. Ya pili iwe Bylsma wa 1979. Ya tatu Casals, katika nakala ambayo haikuoshwa ikaisha. Na kabla ya kulipa, soma maandishi madogo nyuma ya jalada utafute mwaka wa kurekodiwa, si mwaka wa kuchapishwa. Yo-Yo Ma amerekodi suiti hizi mara tatu, na Bylsma mara mbili. Ile ya 1992 aliipiga kwa selo iliyotengenezwa na Stradivari, nayo ni nzuri, lakini siyo niliyokutajia.