Hotuba Mbili Mbele ya Maiti ya Caesar

Tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Caesar ilitoka mwaka 1963. Ikatoka tena mwaka 1969, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mfasiri alikuwa mhutubu, aliyekaa Magomeni, Kinondoni, katika miaka ya kupigania uhuru. Kwa hiyo hotuba mbili za tendo la tatu zastahili kuangaliwa kwa makini.

Katika asili ya Kiingereza, Brutus hunena kwa nathari, akatoa sababu na kuwataka watu wazipime. Antony hunena kwa mashairi. Hoja anazo: fidia za mateka, machozi kwa ajili ya maskini, taji lililokataliwa mara tatu. Lakini nguvu yake iko kwingine. Sifa ya heshima huwarudishia wauaji mara kwa mara hata ikageuka tusi. Na kejeli ya namna hii si ngeni kwa Mswahili aliyelelewa na mafumbo. Wosia huutaja, akakataa kuusoma mpaka aombwe. Kisha hufunua vazi lililotobolewa.

Yako makosa kuulaumu umati peke yake. Brutus alimwachia mwenzake neno la mwisho, akaenda zake. Malipo yake aliyapata Cinna mshairi, aliyeuawa kwa kosa la jina tu.

Basi mfasiri aliyeijua nguvu ya ulimi aliwapa wasikilizaji, wa Kinondoni na wa Temeke, kipimo cha kuwapimia wahutubu wote, naye mwenyewe akiwamo.