Huruma Kabla ya Hukumu

Usiku, mjini Janibu, mtu mwema anainuka kitandani, anachukua mjeledi na kwenda kuwachapa manyani wawili waliofungwa. Hana hasira nao. Anawachapa kwa majonzi, kisha anawaliwaza na kuwalisha. Ikibali, mgeni wa nyumba hiyo, anaona yote, wala mwandishi hatuambii sababu.

Hii ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka 1952, na kwangu mimi hakuna riwaya ya Kiswahili iliyofunga fumbo kwa mkono mtulivu kuliko hii. Fundo lenyewe ni la kale. Katika Alfu Lela Ulela yupo Abdullah bin Fadhil na mbwa wake wawili. Humo binti wa Mfalme Mwekundu wa majini anafukuzwa na waziri wa Mfalme Mweusi, naye Abdullah, asiyejua lolote la ugomvi wao, anamwokoa. Shaaban Robert aliwaondoa mbwa akaleta manyani. Badiliko dogo, lakini hebu fikiria: nyani ana vidole, ana uso unaokaribia wetu. Akipigwa, tunaona mtu anapigwa kabla hatujaambiwa kwamba ni mtu kweli.

Na tazama ni nani anayeifumania siri. Si mganga wala shujaa. Ni mtumishi wa Mfalme Rai aliyekuja kuchukua kodi. Shaaban Robert alianza kazi katika forodha ya serikali ya kikoloni, akautumikia ukarani miaka mingi. Alijua mtumishi wa serikali huona mengi milangoni mwa watu, na kwamba kila analoliona linaweza kumwangusha mtu likifika juu. Ikibali akinyamaza, anamficha mfalme jambo. Akisema, anamweka mwenyeji wake, Adili, hatarini. Habari inapofika kwa Rai, Adili anajikuta kati ya enzi mbili: mfalme wa wanadamu anataka maelezo, na Huria, jini aliyetoa adhabu ile, anataka mjeledi uendelee.

Mwaka mmoja kabla ya riwaya hii, katika Kusadikika, nchi iliyo angani, Shaaban Robert alimsimamisha Karama kizimbani akaacha visa vya wajumbe viitoboe serikali kimoja baada ya kingine. Baadaye Muhammed Said Abdulla akatuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Waandishi hao wote wawili walikuwa na subira ya kulifumbua fumbo polepole.

Subira hiyo sasa haionekani. Riwaya za majini ninazozisoma siku hizi zinamtoa jini ukurasa wa kwanza, akitaja ukoo wake, nguvu zake na adui zake. Na hata vitabu vya zamani tunavivua nguo. Kijana anapewa mwongozo wa mtihani kabla ya riwaya. Humo anakuta orodha ya wahusika: Hasidi na Mwivu, ndugu waliomtosa Adili baharini kwa husuda, wakageuzwa manyani. Dhamira imeandikwa chini yake.

Shaaban Robert alitaka tuwahurumie wale wawili kwanza, tumlaumu hata Adili moyoni, ndipo tujue walilotenda. Huruma iwe imeshatutoka, isirudishike. Kijana wa mwongozo anajibu swali lake vizuri na kupata alama zote, lakini hajawahi kusimama na Ikibali usiku ule akitamani mjeledi ukome.